Vibanio Vigumu

Petersburg, 11 Septemba 1904

Mdogo wangu Lavrenty,

Nakuinamia mpaka chini, mimi dada yako Ustinya. Mama naye anakuinamia kutoka kijijini, ingawa kwa mgongo ule sijui anainamaje. Baba mdogo Yevsei, ninayekaa naye hapa mjini, anakusalimu. Jogoo wake amekufa, na msiba huo umemwingia kuliko alipofiwa na mkewe. Nilipokwenda kumwona, Mama aliuliza tena meli yako inakwenda wapi. Nikamwambia Japani, kupigana. Akasema, "Si angepitia hapa nyumbani kwanza, ale?"

Haya, tuje kwenye lile uliloniomba wakati wa Pasaka, ulipokuja baada ya kumzika rafiki yako Sysoy: kwamba makombora yenu yasiwapasukie wenyewe. Nimelifanya. Wewe unajua kufyatua mzinga, lakini kilichomo kwenye kitako cha kombora nakijua mimi ninayekiunda kiwandani, kwa hiyo nisikilize bila ujuaji wako wa kibaharia. Ndani ya fyuzi, kile kiwashio cha kombora, mna sindano, na mbele yake mna fataki. Vikikutana, kombora linapasuka. Kinachovizuia visikutane ni kibanio kidogo cha shaba. Mzinga ukilia, kile kishindo kinakifungua kibanio na sindano inabaki huru. Kombora likigonga chuma cha adui, sindano inairukia fataki. Kibanio kikiwa legevu mno, kinafunguka kabla ya wakati wake, na kombora linapasukia ndani ya mtutu. Hivyo ndivyo alivyokufa Sysoy, Mungu amrehemu.

Kipimo cha msimamizi kinapitisha vigumu na vilaini, mradi visizidi mpaka. Sisi wanawake wa meza ya dirishani tuna kipimo chetu: tunaving'ata. Mwenye mume au ndugu baharini anang'ata vibanio vya meli yake, na vinavyolishinda jino ndivyo vinavyokwenda. Msimamizi anatuona, anageukia dirishani, maana mwanawe naye yuko majini. Makasha yenye jina la meli yako yamepita mikononi mwangu. Jino langu la kushoto limemeguka. Ukirudi utanipa lako.

Dada yako,
Ustinya

Libava, 29 Septemba 1904

Dada yangu mpenzi Ustya,

Salamu kwako, kwa Mama na mgongo wake, na kwa Baba mdogo, ambaye nampa pole ya jogoo. Mimi mzima. Tunapakia makaa ya mawe mpaka supu ya kabichi inakuwa nyeusi. Tunaondoka siku yoyote sasa. Maofisa wanapiga picha sana, kama watu wanaoagana, na hilo silipendi.

Asante kwa jino. Hujui umenifanyia nini. Tangu alipokufa Sysoy, kila tunaposukuma kombora ndani ya mzinga nilikuwa nafumba macho, na mtunga shabaha kufumba macho ni aibu. Sasa siyafumbi. Nimemwambia Kondrat, mwenzangu wa mnara wa mizinga, yule mrefu mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria, kwamba makombora yetu yameng'atwa na dada yangu moja moja. Akafikiri kidogo, akauliza, "Dada ameolewa?" Nikamwambia ana ulimi mkali kuliko meno. Akasema yeye amezoea kelele za mizinga.

Niombeeni. Kijijini waambie niko salama.

Lavrenty

Petersburg, 16 Januari 1905

Lavrusha wangu,

Pokea maamkio ya nyumba nzima. Barua yako ya Libava nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ya Afrika, kama uliandika, haijafika. Mama mzima, ng'ombe amezaa. Mwambie huyo Kondrat kwamba dada ni mjane, ana jino bovu, na hapendi wanaume warefu kwa sababu wanakula sana. Kisha niandikie amesema nini.

Sijui nianzie wapi. Jumapili iliyopita watu walikwenda kwa Mfalme na picha takatifu mkononi, kumwomba mkate na haki. Baba mdogo Yevsei alivaa koti lake la harusi. Askari wakawapiga risasi, Lavrusha. Risasi za kweli, mbele ya picha takatifu. Glikeria wa chumba cha pili hakurudi. Baba mdogo amerudi bila kofia, na tangu siku hiyo hajasema neno. Anakaa karibu na jiko anautazama mlango.

Kiwanda kimefungwa, watu wamegoma. Nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mikono imezoea kufanya kazi, sasa haijui iwekwe wapi. Kila nikisikia mlango unagongwa nadhani ni habari zako. Niandikie chochote, hata matusi.

Ustinya

Madagaska, 24 Januari 1905

Dada Ustya,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hata mishumaa inajikunja kwa joto. Sijapata barua yako tangu Libava. Mwambie Mama kwamba watu wa huku hawatembei kichwa chini, nimewaona mwenyewe, na ni wapole. Mikate inaota ukungu siku hiyo hiyo. Mabaharia wamenunua nyani na kasuku. Nyani mmoja amejifunza kupiga saluti, na Kondrat anasema huyo atapandishwa cheo kabla yetu. Tunazika watu wengi kwa homa. Kila mmoja ana hasira na mwenzake, na hakuna anayejua tunasubiri nini.

Sasa yasome haya ukiwa umekaa. Juzi tulifanya mazoezi ya shabaha. Kisha nahodha akaruhusu mnara wetu ufyatue makombora matatu ya vita, yale yenyewe, kwenye mwamba wa kisiwa kisicho na watu. Nilitunga shabaha mimi. Yote matatu yaligonga. Mawe yaliruka, vumbi likatua. Basi. Hakuna moto, hakuna moshi. Juu ya mwamba kulikuwa na mbuzi. Alitimka la kwanza lilipogonga. La pili aliinua kichwa tu. La tatu, dada, hakuacha hata kutafuna.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Luteni anasema unyevu umeingia kwenye baruti. Huenda. Yeye amesoma. Lakini mimi nafikiria jino lako. Kibanio kikiwa kigumu mno, kishindo cha mzinga hakikifungui, si ndiyo? Sindano inabaki imefungwa, na kombora linafika kwa adui likiwa limelala. Niambie ukweli kama tulivyokuwa tukiambiana utotoni: vilikuwa vigumu kiasi gani?

Nimechonga ufunguo unaoingia kwenye kitako cha kombora. Kondrat atanishikia taa. Nataka kufungua fyuzi moja moja na kuvilegeza vibanio kwa koleo, kidogo tu. Niandikie pa kugusa na pa kutogusa. Nitangoja jibu. Lakini tukikaribia Japani na jibu halijaja, nitafungua hivyo hivyo. Siwezi kwenda vitani kurusha mawe.

Lavrenty

Petersburg, 27 Februari 1905

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu, salamu, na salamu tena. Mama anakuinamia. Ndama ni jike, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Baba mdogo bado hasemi, ila juzi alimsogezea paka bakuli la maziwa, nasi tukafurahi kama tumealikwa harusini. Kiwanda kimefunguliwa. Theluji mwaka huu haitaki kuisha. Nimekufumia soksi, kisha nikakumbuka ulivyosema kuhusu mishumaa, nikazifumua.

Kama Kondrat hana soksi, mwambie hizo zake nitazianza upya. Unyayo wake una ukubwa gani?

Naona nazungukazunguka. Haya. Usiguse.

Lavrusha, usiguse hata moja. Fyuzi si saa ya ukutani. Ukiisha kupinda kibanio kwa koleo hujui tena kinashika au kinajifanya kushika. Sindano inabaki inaning'inia, na kombora kubwa kama ndama mnalisukuma mtutuni kwa mtambo, linagongwa, linatikiswa. Agafya wa meza yetu alitaka kunyoosha kimoja tu, kimoja, ndani ya fyuzi iliyokwisha kutiwa fataki. Hiyo ilikuwa fataki peke yake, bila kombora. Tulimzika uso umefunikwa. Wewe utakuwa umekaa juu ya ghala zima la baruti.

Sikufundishi pa kugusa. Ukinilaani, nilaani. Shujaa ninaye tayari, mume wangu, yuko ukutani kwenye fremu, nampangusa vumbi kila Jumamosi. Sitaki wa pili. Nataka ndugu mzima. Naiamini baruti yenye unyevu, na wewe iamini, luteni kasoma. Nakuomba kwa jina la Mama: uniahidi.

Ustinya

Pwani ya Annam, 20 Aprili 1905

Dada Ustinya,

Salamu kwa wote. Barua yako ilipita Madagaska sisi tumekwisha kuondoka, ikatufuata mpaka huku, nimeipata leo asubuhi. Nilikuwa nimepanga kuanza kazi kesho.

Ufunguo nimeutupa baharini. Umeniapisha kwa Mama, nifanye nini?

Kondrat hasemi nami. Alikuwa amekwisha kuitayarisha taa. Alisema, "Dada yako anataka urudi mzima, na mama yangu mimi je, anataka nini?" Kuhusu soksi sikumwambia.

Swali langu hukulijibu. Kutojibu kwako nimekusoma kama jibu.

Lavrenty

Petersburg, 12 Juni 1905

Lavrusha,

Sijui nikusalimu wapi. Naipeleka barua hii kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wanasema wana njia ya kuwafikia mateka. Sijui kama uko miongoni mwao. Mbele ya jengo la jeshi la maji wanawake wanasimama tangu alfajiri. Wanasema meli zote zimekwisha. Zote! Nimesimama hapo kila siku baada ya kazi. Ukiulizia meli, karani anainua macho, na kabla hajafungua kinywa wanawake wanaanza kulia. Jina lako halipo kwa wazima wala kwa wafu.

Mama hajui. Nikienda kijijini namsomea barua ninazozitunga mwenyewe. Humo umemsimulia kuhusu tembo.

Sasa nakujibu swali lako la vibanio, maana kukaa nalo siwezi tena. Si kwamba nilichagua vigumu miongoni mwa vilivyopita. Vingine nilivitoa kwenye sanduku la vilivyokataliwa, vilivyokuwa vinangoja kurudishwa motoni vilainishwe. Kipimo kilivikataa kwa ugumu, nami nikaona kipimo hakina ndugu. Nilijaza makasha yako yote. Nilikuwa nakuona wewe na ule mtutu tu. Adui sikumwona hata kidogo. Sikufikiri kwamba kombora likishatoka kwako lina kazi nyingine ya kufanya.

Kama u hai, andika. Andika neno moja, hata liwe la kunikana.

Ustya

Matsuyama, Japani, 2 Agosti 1905

Dada yangu Ustya,

Ni mimi. Naandika kwa mkono wa kushoto, usishangae mwandiko. Wa kulia wameukata chini ya kiwiko. Mengine mazima. Wanatutunza vizuri, tunapewa samaki na chai isiyo na sukari. Msalimie Mama, mwambie tembo hajambo.

Barua yako imenifikia. Nitakusimulia mara moja, kisha usiniulize tena.

Siku ile ya mapigano niliona vizuri kuliko wengi, kwa kuwa nilikuwa na kioo cha shabaha. Makombora yao yalipasuka yakigusa chochote, kamba, bomba la moshi, hata maji. Chuma kilishika moto kama karatasi. Ya kwetu yaligonga pia. Wasikudanganye kwamba hatukulenga. Niliona tundu ubavuni mwa meli yao, tundu safi, nikangoja moto. Meli ikaendelea kuja. Nikafyatua tena, tundu jingine. Kondrat akanishika bega, neno lake la kwanza kwangu tangu Annam: "Mbuzi anatafuna, Lavrenty." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mara kombora lao likaingia kwenye paa la mnara. Nilizinduka nikiwa majini. Katika watu wa mnara wetu nimebaki peke yangu.

Luteni mmoja, mateka mwenzetu hapa, bado anasema ni baruti yenye unyevu. Mwingine anasema fyuzi zenyewe zilibuniwa kungoja chuma kinene, na zikikuta chembamba zinapita tu kama sindano kwenye shati. Wanabishana kutwa. Meli zetu zote zilikuwa na tatizo hilo, Ustya, hata zile ambazo vibanio vyake hukuving'ata. Sisemi hivi kukufariji. Nasema kwa kuwa sijui, na hakuna atakayejua. Ushahidi uko chini ya bahari.

Liko jambo jingine. Mwezi wa kwanza nilikuwa siwezi kujilisha. Alinilisha mtu mmoja wa hospitali, anaitwa Kurata, mfupi, mkono una kovu la moto. Mpaka siku ile ya mapigano alikuwa mpishi kwenye manowari yao. Anajua Kirusi kidogo, alikiokota kwa mateka. Siku moja alinisimulia vita vyake. Kombora letu liliingia jikoni kwao, likatoboa sufuria ya wali, likaangukia karibu na jiko. Wote waliganda wakingoja. Halikupasuka. Walilibeba kama mtoto mchanga, wakalitupa baharini, na kabla ya kulitupa yeye aliliwekea wali kidogo, akaliinamia. Ana binti wa miaka minne. Alinionyesha urefu wake kwa mkono, kisha akanipa kijiko kingine.

Nilitaka kumchukia. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Kwa hiyo uliomba niwe mzima, na mimi mzima. Kondrat alitaka tufungue, na Kondrat hayupo. Kurata yupo. Silali vizuri, siwezi kukaa, natembea kando ya ua huu mpaka walinzi wanacheka. Wewe mkubwa wangu, ndiwe uliyenilea. Niambie mtu anaishi vipi na haya.

Lavrenty

Petersburg, 22 Oktoba 1905

Lavrusha, mdogo wangu,

Nakuinamia mpaka chini, na safari hii nimeinama kweli, sakafuni, barua yako mkononi, mpaka majirani wakaja kunitazama. Jibu limechelewa kwa kuwa posta nayo iligoma. Mji mzima umegoma, hata taa. Nilikwenda kijijini nikamwambia Mama kila kitu. Alilia kidogo, kisha akauliza kama Wajapani wanakukatia nyama. Baba mdogo Yevsei amesema. Nilipomsomea kuhusu mkono wako alisema, "Wa kushoto unatosha kushika kikombe," akaenda kuwasha samovari ya chai. Ndilo neno lake la kwanza tangu Januari, na hatukumwongezea lolote asije akakatika.

Nilikwenda kwa mama yake Kondrat, ng'ambo ya mto. Nilidhani nitamwambia kuhusu vibanio. Alinifungulia, ana masikio yale yale uliyoyasema, nikashindwa. Nilimpa soksi. Alizipima kwa kiganja, akasema, "Zingemtosha." Nitakwenda tena Jumapili. Siku moja nitamwambia, au ataniona usoni.

Kazini bado nipo. Nilidhani nitaacha, lakini mikono yangu haijui kazi nyingine. Sing'ati tena. Mezani ameletwa binti mgeni, Melania, mumewe yuko kwenye manowari ya Bahari Nyeusi. Wiki iliyopita aliniletea kisanduku, akaninong'oneza, "Shangazi, nichagulie vigumu." Nikampa vilivyopita kwenye kipimo. Akakasirika, akaniambia sina moyo. Nikamjibu kwamba ninao, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Kisha akalia, nami nikakaa naye mpaka king'ora cha chakula.

Unaniuliza mtu anaishi vipi na haya. Sijui, Lavrusha. Ningejua ningekuwa nalala. Rudi tu. Nitakukatia mkate, utanitafunia upande ule jino lilipomeguka, na tukikosa la kusema tutamwangalia Baba mdogo.

Na huyo Kurata, msalimie. Kila ninapoifikiria ile siku nakusikia wewe na Kondrat mnacheka, kisha namwona yeye ameliinamia kombora na bakuli la wali, na sijui nimlilie nani. Muulize binti yake anaitwa nani, uniandikie, nimtaje kanisani pamoja na wetu. Lakini usimwambie mimi ni nani.

Dada yako,
Ustinya